Usanifu wa Adui: Maana Yake na Namna Unavyogusa Raha ya Gemu

Katika fremu moja ya mtaa wa Magomeni, Mtwara, ambako vijana hulipia kucheza gemu kwa muda, niliwahi kukaa jioni nzima nikiwatazama wavulana wawili waliokuwa wakicheza kwenye runinga mbili zilizopakana. Wa kwanza aliuawa mara tisa na adui yule yule, na kila alipokufa alicheka, akasogea mbele kidogo kwenye benchi, akaanza upya. Wa pili alikufa mara tatu tu, akaitupa padi ya kuchezea juu ya meza na kumwambia mwenye banda ambadilishie gemu, amwekee mpira. Kwa kuhesabu vifo peke yake, mtu angedhani wa pili ndiye aliyekuwa na kazi nyepesi. Kilichowatenganisha wavulana wale ndicho kinachoitwa usanifu wa adui.

Usanifu wa adui ni kazi ya kuamua kila jambo linalomhusu kiumbe anayempinga mchezaji ndani ya gemu: umbo lake, sauti yake, mwendo wake, anachokiona na asichokiona, anapiga kwa nguvu gani na kila baada ya muda gani, anastahimili mapigo mangapi, udhaifu wake uko wapi, na anatokea mahali gani, akiwa peke yake au na wenzake. Adui huyo anaweza kuwa kizuka, mwanajeshi, mdudu, au lile dubwana la mwisho wa steji ambalo vijana huliita bosi. Kumuunda adui asiyeshindika si kazi ngumu kwa kompyuta, kwa sababu inajua mchezaji alipo hata akijificha, inajua kitufe alichobonyeza papo hapo, na haichoki. Ugumu uko katika kumnyima adui sehemu ya uwezo huo mpaka mchezaji wa kawaida apate nafasi, na wakati huohuo asihisi kwamba amepewa.

Aliyecheza rede utotoni atalielewa jambo hili upesi. Warushaji wawili husimama huku na huku, na aliye katikati hukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mrushaji anayeuvuta mkono nyuma kabla ya kurusha hukupa nafasi ya kusoma kama mpira unakuja juu au chini, na akikupata unajua kwamba uliruka mapema mno. Anayerusha kabla hujageuka, au aliyesogea ndani ya mstari, anakupata vilevile, lakini hapo ndipo ugomvi huanza. Mpira ni ule ule na maumivu ni yale yale. Ila katika hali ya kwanza aliyepigwa anaweza kulitaja kosa lake, na katika hali ya pili hana la kutaja ila la mwenzake.

Ndani ya gemu, mkono unaovutwa nyuma huwa ni bega linaloinuka, silaha inayometa, au mngurumo unaotangulia pigo, na kadiri pigo lilivyo zito ndivyo ishara yake inavyopaswa kuwa ndefu na ya wazi. Adui aliyemuua mvulana wa kwanza mara tisa anaufuata utaratibu huo. Kijana huyo alikuwa akicheza Resident Evil 4 ya kampuni ya Capcom, iliyotoka mwaka 2005, ambamo yumo mtu aliyejifunika gunia kichwani na kushika msumeno wa injini, ule wa kukatia miti. Akikufikia anakukata kichwa kwa pigo moja, hata kama afya yako, yaani kipimo cha mapigo unayoweza kustahimili, imejaa. Kwa maelezo hayo matupu angekuwa adui wa kuonea, lakini mngurumo wa msumeno husikika kabla mwenyewe hajaonekana, na mchezaji hupata muda wa kuamua kama atapanda ngazi, ataruka dirishani au atatafuta shotigani. Nilimwona yule kijana kwenye jaribio la nne akiwa ameanza kuinamisha kichwa ili asikilize. Kwenye la nane alimwangusha adui chini kwa risasi, akapaswa kukimbia, lakini tamaa ya kummaliza ikamponza. Alijua fika kilichomuua, na aliwaeleza wenzake kabla picha haijafutika kwenye runinga.

Gemu ya kijana wa pili haikumpa hata neno moja la kueleza. Wanajeshi walimpiga risasi wakiwa nje ya kioo cha runinga, mgongoni, bila mlio wowote wa kumtahadharisha, na alipogeuka na kuwaona, kila mmoja alimeza risasi za magazini nzima bila kuyumba. Adui wa namna hii ni kama gunia la korosho ghalani: unaweza kulipiga mpaka mkono ukachoka, nalo halikufundishi kitu. Watengenezaji wengi huuchukulia wingi wa afya kama njia ya mkato ya kuongeza ugumu, kwa kuwa kubadili namba ni rahisi kuliko kubuni tabia mpya, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa linaloharibu gemu nyingi kuliko yote. Kwa kijana wa Mtwara anayelipia dakika, kosa hilo lina bei: adui anayechukua dakika nne kufa amekula dakika nne za fedha zake, na hakuna jipya lililotokea tangu ya kwanza.

Hata hivyo afya ya adui haina budi kuwapo kwa kiasi. Watengenezaji wa Halo, gemu ya kampuni ya Bungie iliyotoka mwaka 2001, walieleza kwamba wachezaji wa majaribio waliwaona maadui kuwa wenye akili zaidi pale maadui walipoongezewa uimara, ingawa akili yenyewe haikuguswa. Sababu inaeleweka: adui anayekufa mara tu anapotokea hapati nafasi ya kuonyesha alichofundishwa. Katika gemu hiyo, wale wadogo hutimua mbio wakipiga kelele kiongozi wao anapouawa, na mchezaji akishaliona hilo huanza kuchagua nani wa kupigwa kwanza. Uimara ule ulikuwa na kazi ya kufanya.

Tabia, kwa kweli, haihitaji akili nyingi. Pac-Man, gemu ya kukimbia vichochoroni iliyobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco ya Japani na kutoka mwaka 1980, ina maadui wanne tu, vizuka vya rangi nne, na kwa macho ya haraka vyote vinafanya kazi moja ya kukukimbiza. Kumbe kila kimoja kina shabaha yake. Chekundu hulenga pale pale ulipo. Cha waridi hulenga nafasi nne, yaani miraba minne ya njia, mbele ya uso wako, ndiyo maana mara nyingi hukutokea kwa mbele kana kwamba vimekula njama. Cha samawati hupiga hesabu kwa kutazama ulipo wewe na kilipo chekundu kwa pamoja, kwa hiyo ni kigumu kukitabiri. Cha machungwa hukufuata kikiwa mbali, lakini kikikaribia ndani ya nafasi nane hugeuka na kushika njia ya kona yake, kama mtoto anayetishia kupigana mpaka aitikiwe. Kila sheria inatosha kwenye sentensi moja, lakini zikienda pamoja mchezaji huona wajanja, waoga na wakorofi. Zaidi ya hapo, katika raundi ya kwanza vizuka hutawanyika kwenye kona zao kwa sekunde 7, kisha hukimbiza kwa sekunde 20, na zamu hizo hurudiwa mara kadhaa. Iwatani aliona kwamba kushambuliwa bila kituo kungemchosha mchezaji, akaleta mashambulizi kwa mawimbi, kupwa na kujaa.

Mwendo wa namna hiyo uliwahi kupatikana kwa bahati pia. Katika Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, iliyotolewa na Taito mwaka 1978, wavamizi 55 hushuka polepole, na kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyokwenda mbio. Mashine haikuweza kuwachora wengi kwa kasi, ikapata nafuu kila walipouawa. Nishikado akaiacha hali hiyo, na mvamizi wa mwisho akawa mgumu kuliko wote.

Wapo wanaocheka kwamba majambazi wa sinema husubiri zamu ili steringi awapige mmoja mmoja. Gemu nyingi za mapigano hufanya hivyo hivyo kwa makusudi: maadui kumi hukuzunguka, lakini ruhusa ya kushambulia hupewa mmoja au wawili kwa wakati, na waliobaki huzungukazunguka na kufoka. Usanifu mzuri huificha zamu hiyo. Mchezaji akishaigundua, hofu yote hutoka.

Ukali wa adui hupimwa pia kwa umbali anaokurudisha ukifa. Adui yule yule anavumilika ikiwa unaanza upya mlangoni pake, na anachukiza ikiwa unarudishwa nusu saa nyuma. Katika mabanda ambako memori kadi, ile inayohifadhi ulikofika, ni ya wote na umeme hukatika bila taarifa, umbali huo huongezeka kwa namna ambayo msanifu aliyekaa Japani hakuipangia.

Resident Evil 4 inalo jibu lake, nalo ni la siri: mchezaji anayekufa mara kwa mara hulegezewa kimyakimya, maadui wakapunguza ukali na hata idadi katika baadhi ya sehemu. Inawezekana kabisa kwamba kijana wa kwanza alisaidiwa katika jaribio la kumi, lililomvusha. Hakujua, na sikumwambia.

Dhana ya usanifu wa adui inakoma pale mpinzani anapokuwa mtu. Katika gemu ya mpira ya wawili, msanifu anapanga sheria, kasi na uwanja, lakini hila, uzembe na majigambo huletwa na aliyekaa kando yako kwenye benchi. Yule wa pili, aliyekuwa ametupa padi, alifungwa na rafiki yake mabao manne kwa moja. Alitoa sarafu nyingine mfukoni, akadai mechi ya marudiano.