Kabla mtoto hajakabidhiwa kwa ndugu, uliza kwanza atalala wapi

Kikao cha ukoo baada ya msiba wengi wetu tunakijua. Matanga yameanuliwa, turubai bado halijarudishwa kwa mwenyewe, wazee wamekaa mkekani na jambo la mwisho kabla watu hawajapanda mabasi ni watoto wa marehemu. Baba mkubwa anasema huyu wa kwanza naondoka naye Mwanza, shangazi anasema nipeni huyu wa kike atanisaidia dukani, yule mdogo abaki na bibi maana bado ananyonya kidole. Dakika ishirini kikao kimeisha. Watoto wenyewe wako uani wanaosha vyombo, hamna aliyewaita.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kazi ya kutembelea nyumba za watu nimeifanya miaka mingi, na nasema toka moyoni kabisa, hao wazee hawana nia mbaya. Hata sisi ofisini mtoto akikosa wazazi, au ikathibitika kwa wazazi hapako salama, mlango wa kwanza tunaogonga ni wa ndugu, mama wadogo, wajomba, mashangazi, babu na bibi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala wa mwaka 2009 nao unasema hivyo hivyo, kwamba mtoto atafutiwe familia kwanza na ikiwezekana ya ukoo wake, makao ya watoto yawe ya mwisho kabisa. Ninachopinga ni ile dakika ishirini. Ndugu naye nyumba yake inakaguliwa, tena kwa makini kama ya mtu baki, ila vitu vya kuangalia ni tofauti kidogo na ndo nataka tuviongelee leo.

Kwanza maneno yasituchanganye. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 (wenzetu Zanzibar wana ya kwao ya 2011) inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na inataka kila uamuzi unaomhusu uangalie maslahi yake kwanza, siyo ya ukoo wala ya aliyejitolea kumchukua. Ukisikia malezi ya kambo kwenye sheria haimaanishi mama wa kambo yule wa kwenye hadithi, ni malezi ya mtoto ambaye siye wa kumzaa, kwa utaratibu na chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Familia ya kuaminika ni ile tuliyoiandaa kumpokea mtoto kwa dharura, kwa muda mfupi, wakati tunatafuta ndugu zake. Kuasili ni kitu kingine kabisa, kunapita Mahakama Kuu na mtoto anakuwa wako kisheria moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akija ofisini kuuliza habari za mtoto wa dadake, sio lazima awe amekuja kuasili, wengi wanaogopa bure hilo neno.

Sasa tuje kwenye nyumba. Watu wakisikia ustawi wanakuja wanapiga deki, wanaazima viti kwa jirani, wanapika pilau. Jamani sikuja kuangalia viti. Nikishakaribishwa na kunywa maji swali langu la kwanza huwa ni moja tu, naomba unionyeshe atakapolala. Sio unieleze, nionyeshe. Hapo ndo mengi yanajulikana. Yuko atakayekupeleka moja kwa moja chumbani kwa wanae, kitanda kimeshasogezwa, neti imeongezwa, anakwambia huyu atalala upande wa ukutani maana anageuka sana usiku. Huyo ameshamfikiria mtoto. Na yuko atakayesimama katikati ya sebule anatazama kulia na kushoto, anasema hapa hapatakosekana nafasi. Huyo bado hajamfikiria, anaweza akawa mtu mzuri tu lakini bado.

Hili somo nililipata kwa mtoto, na linaniuma mpaka leo. Kulikuwa na binti wa miaka 11, mama yake amefariki, shangazi mtu akajitokeza. Nyumba ya shangazi vigae mpaka barazani, friji, maji ndani, geti, watoto wake wanasoma shule nzuri ya basi. Nikaandika ripoti kuwa inafaa na sikuuliza atalala wapi, kwa nyumba kubwa namna ile niliona hata haya kuuliza. Nikarudi baada ya wiki kadhaa bila taarifa, Jumatano, saa nne asubuhi, aliyenifungulia geti ni yule binti. Vidole vimechubuka kwa sabuni, ndoo mkononi. Nikamuuliza mbona hujaenda shule, akatazama chini. Nikaomba kuona sare zake akanipeleka stoo, kumbe ndo chumba chake, godoro limesimamishwa ukutani pembeni ya gunia la mkaa, na sare iko kwenye nailoni yake, shati bado lina kile kikaratasi kigumu cha kwenye kola na pini zake, halijawahi kuvaliwa hata siku moja. Shangazi akaniambia alikuwa anamzoesha mazingira kwanza.

Wahenga waliliona hili zamani, mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio. Wako unamwona bado mdogo, wa mwenzio wa umri ule ule unamwona anaweza kubeba ndoo ya lita ishirini. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na hata hapo isimzuie shule wala isimwumize. Kuosha vyombo na wenzake hakuna shida, hiyo ndo malezi yenyewe, shida ni pale ambapo watoto wa nyumba wanasoma na yeye anafua. Kwa hiyo siku hizi nikienda nauliza ratiba ya siku nzima, nani anaamka wa kwanza, nani anachota maji, nani anakula na nani na kwenye sahani gani, na nawauliza watoto wa pale pale nyumbani, maana wao hawajapanga la kusema.

Jambo lingine ambalo ni la ndugu peke yao ni hili, nani ana njia ya kuingia humo ndani. Mtoto tukimtoa kwa baba aliyekuwa anamfanyia ukatili, halafu tukampeleka kwa dada yake huyo baba, tumemtoa kweli? Mwanaume atakuja Jumapili na mkate mkononi, dadamtu atamwambia karibu kaka, si mwanao huyu. Hapa huwa nakaa na huyo shangazi au bibi peke yake na namuuliza waziwazi bila kuzunguka, akija hapa mlangoni utafanya nini. Akinijibu hayo mambo ya familia tutayamaliza wenyewe, au mtoto naye alizidisha maneno, mimi simwachi mtoto hapo hata kama nyumba ni ya ghorofa. Akijibu mwanangu, siku akikanyaga hapa nampigia mwenyekiti, tena analia, hapo nakaa tunaongea zaidi. Upande wa mama na upande wa baba wote watafutwe, tusiishie kwa ndugu wa kwanza aliyepokea simu.

Na waliomo ndani wote nataka kuwajua. Nyumba zetu za uswahilini zina wapangaji, kuna kijana wa bodaboda chumba cha nje, kuna binamu amekuja kutafuta kazi. Choo kiko uani, usiku mtoto anapita wapi, komeo la ndani lipo? Nikitoka naenda kwa mjumbe, naenda kwa mwenye duka la mtaa, huyo anajua nani anarudi amelewa saa ngapi na nani anatuma watoto wake pombe usiku. Mwalimu wa watoto wa nyumba ile anajua kama wanakuja shule wameshiba. Naomba msione ni umbea, tunapouliza kwa majirani tunamuulizia mtoto ambaye bado hana mtu wa kumuulizia.

Umaskini peke yake haumnyimi ndugu mtoto. Nimeona mabibi wa miaka sabini wanakaa chumba na ukumbi wanalea wajukuu watatu na wamewalea vizuri kuliko nyumba za vigae. Bibi wa hivyo hanyang'anywi wajukuu, anasaidiwa, tunamwunganisha na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya inakidhi vigezo, tunaongea na shule, tunawabana wajomba wachangie. Ninachomwuliza bibi ni kitu kimoja kigumu, ukiugua nani anawachukua, na huyo mtu naomba nimwone leo leo nikiwa hapa. Pia tunajitahidi watoto wa tumbo moja wasitawanywe. Yule wa kunyonya kidole wa kwenye kikao kifo kimeshamwachisha mama, tusimwachishe na kakake kwa mikono yetu.

Mali nayo tuizungumzie. Ndugu ambaye swali lake la kwanza ni hati ya nyumba iko wapi, au nani atakuwa msimamizi wa mirathi, huyo namwekea alama. Sheria hiyo hiyo ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake, kwa hiyo kumlea hakukupi kiwanja chake.

Na mtoto aulizwe. Pembeni, wakubwa wasimsikie, chini ya mwembe au tukitembea kwenda dukani, maana maoni yake ni haki yake kisheria na pia anajua vitu ambavyo sisi hatuvijui. Yule binti wangu nilipomuuliza (nilichelewa, nilipaswa kumuuliza mwanzoni) alisema yeye toka siku ile alitaka kwa mama mdogo. Mama mdogo anauza vitumbua, vyumba viwili, sikumfikiria hata kidogo. Nilipoingia mlangoni kwake niliona kikombe cha plastiki dirishani kina miswaki minne, mmoja mpya bado una karatasi. Tulimhamishia huko, nikaendelea kwenda, wiki ya kwanza, ya tatu, mwezi wa pili, siku nyingine natoa taarifa na siku nyingine sitoi. Nikaenda tena saa nne asubuhi Jumatano sikumkuta, alikuwa shule.

Wengi mnaosoma hapa tayari mnaishi na mtoto wa kaka au wa dada na hamjawahi kukanyaga ofisi yoyote, na mnajiuliza tukienda si watatunyang'anya. Hapana, hatuji kumchukua mtoto anayelelewa vizuri. Anza serikali ya mtaa au kijiji watambue kuwa mtoto yuko kwako, halafu uende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako, beba cheti cha kifo cha mzazi kama kipo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kama hana tutakuelekeza RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo, maana bila hicho shule na mirathi vitakusumbua. Fomu utakazojaza huko zitakukinga hata wewe, siku ndugu mwingine akija na hasira kudai umeiba mtoto unakuwa na karatasi. Na ukiona kwa jirani kuna mtoto wa ndugu ambaye kila asubuhi wenzake wanapita na mabegi yeye yuko bombani, usisubiri uwe na uhakika wote, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ueleze ulichokiona kwa macho yako na saa uliyokiona.