Kuvunja sauti: kuna kinachovunjika?

Tukisema kijana amevunja sauti, mtu anaweza kudhani kuna kitu kimeharibika kooni. Hakuna. Kongomeo, kiungo cha kooni kinachotoa sauti, linakua upesi, na nyuzi za sauti zilizomo ndani zinarefuka na kunenepa. Aliyewahi kupiga gitaa anajua uzi mnene hutoa sauti gani. Mvulana hushuka karibu oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, mara nyingi kati ya miaka 12 na 16. Wasichana nao hubadilika, ila tunawasahau kwa kuwa wao hushuka kidogo tu, na kwa muda sauti hutoka na hewa nyingi.

Neno lenyewe linapotosha kwa sababu nyingine: linafanya ionekane ni tukio la siku moja. Kumbe ni miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka.

Kwenye kwaya ya vijana ninayoifundisha hapa Kirumba, Mwanza, kuna mmoja aliyeimba sauti ya kwanza, yaani soprano, vizuri sana hadi Pasaka. Aliporudi kutoka likizo Ukerewe, akafika kwenye la ya juu, sauti ikapasuka kama pora anayejifunza kuwika. Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikakosea: nikampeleka besi, sauti ya chini kabisa. Besi hana bado, soprano hana tena. Wiki tatu alikuwa akifungua mdomo tu, mimi nikidhani anaimba.

Manuel Garcia, mwalimu mashuhuri wa uimbaji wa karne ya 19, alishikilia kwamba kijana wa umri huo aache kuimba mpaka sauti itulie. Wapo walimu wetu wanaofanya hivyohivyo bila kumsikia Garcia: "Kapige ngoma kwanza." Wengi wa aina hiyo hawarudi. Irvin Cooper, aliyefundisha muziki Marekani, alikuja na wazo jingine: kijana aendelee kuimba, ila aandikiwe sauti inayomfaa. Sauti hiyo ya katikati akaiita kambiata, neno la Kiitaliano lenye maana ya iliyobadilika.

Kuipata si kazi. Mwambie ahesabu kutoka 20 kurudi nyuma, kwa sauti yake ya kuongea. Itafute nota hiyo kwenye kinanda, kisha panda polepole hadi aanze kukaza shingo. Huyu wangu alikuwa na nota sita tu, kati ya sauti za alto na teno. Nikamtungia mstari wa nota nne, nyingi zikiwa so. Wimbo ukiwa juu, nashusha ufunguo; kwa sisi wa solfa, tunaosoma nota kwa do, re, mi, hilo ni rahisi: do inahama na nota zote zinaifuata.

Kipimo hiki hurudiwa kila mwezi. Siku hizi kijana huyo akiingia mazoezini hupita moja kwa moja kwenye kinanda. "Shikamoo mwalimu. Imeshuka tena."