Bwawa Lako ni Daraja A? Hebu Shuka Bondeni Kwanza

Dhana: "Bwawa langu ni dogo, liko Daraja A, halina neno."

Masika ikikaribia, wenye mashamba huileta hoja hii wakipeperusha kibali. A hiyo si ya mtihani wa KCSE. Katika kanuni za maji za Kenya za 2007 ilikuwa daraja la chini kabisa la mabwawa: kina kisichofika mita 5, ujazo chini ya mita za ujazo 100,000. Vipimo hivyo ni vya maji. Havimjui aliyelala bondeni.

Chukua bwawa la kawaida la shamba la kahawa huko Kiambu: maji yamerudi nyuma mita 200 kutoka tutani (ule ukuta wa udongo), upana mita 80, kina mita 4. Zidisha, gawa kwa 6 kwa makadirio, maana kina hupungua kuelekea kingo: takriban mita za ujazo 10,700. Ni zaidi ya bauza 1,000 za lita 10,000, zile zinazotuuzia maji mitaani Nairobi, zimwagwe zote kwa mpigo. Na hapo hujafika hata robo ya kikomo cha A.

Lilipojengwa, bondeni kulikuwa na mibuni. Leo kuna ploti za futi 50 kwa 100, nyumba za kupangisha, pengine na chekechea. Tuta ni lile lile, hatari siyo ile. Fuata mkondo kwa miguu kilomita mbili tatu, uhesabu milango iliyo karibu na usawa wa mto. Ukikuta hata familia moja, mwite mhandisi aliyesajiliwa alitathmini upya. Bwawa la Solai lililopasuka usiku wa Mei 9, 2018 lilikuwa la mtu binafsi, shambani. Walikufa zaidi ya watu 40.

Dhana: "Hatari kubwa maana yake tuta ni bovu."

La. Ni hesabu ya kitakachopotea likivunjika. Tuta jipya, safi, juu ya kijiji, ni la hatari kubwa.

Dhana: "Spilwei inapoteza maji."

Hapa subira huisha. Spilwei ni njia ya kutolea maji ya ziada. Ukiziba spilwei kwa magunia ya mchanga ili uongeze nusu mita ya maji ya kiangazi, umekula nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mafuriko. Maji yakipita juu ya tuta la udongo hulichimba upande wa chini hadi likatike. Wavu wa samaki kwenye mdomo wa spilwei ni kosa lile lile: unashika magugu na chupa, unageuka ukuta. Kule Mai Mahiu, Aprili 2024, hata bwawa halikuwapo. Kalvati chini ya reli iliziba, tuta la reli likazuia maji kama bwawa, kisha yakapasua.

Dhana: "Miti hushika tuta."

Mizizi ikioza huacha mirija ya maji. Panda nyasi fupi. Mche ung'oe, mkaratusi mkubwa usiuguse kabla ya kumwuliza mhandisi.

Dhana: "Likivuja limekwisha."

Tuta la udongo hutoka jasho. Kinga maji kwenye glasi, pima dakika za kujaza mtungi wa lita 20, uandike kila wiki. Yakiwa maangavu na kasi haipandi, endelea kupima. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, udongo unatoka ndani ya tuta: fungua vali ya kutolea maji, watoe watu bondeni saa hiyo hiyo, mhandisi atawakuta mmeshahama.