Kaswende ya kuzaliwa nayo: maswali ya wazazi

Mwanangu alizaliwa na uzito mzuri. Sasa ana wiki tano na mafua hayaishi. Muuguzi amesema tupime kaswende. Inawezekana kweli?

Inawezekana, na muuguzi huyo amefanya kazi yake vizuri. Watoto wengi walioambukizwa tumboni huonekana wazima siku ya kuzaliwa. Dalili huja baadaye, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Mafua haya huwa na kamasi nyingi, nzito, wakati mwingine zenye usaha au damu, na pua huziba hadi mtoto ashindwe kunyonya. Kamasi hizo zina vimelea, kwa hiyo kila anayemfuta anawe mikono kwa sabuni.

Nitazame nini kingine?

Anza na viganja na nyayo. Upele wa joto hupenda shingo, mgongo na makwapa. Vipele au malengelenge viganjani na nyayoni, kisha ngozi ikabanduka, si jambo la kupaka poda na kusubiri. Tazama pia tumbo lililojaa kwa sababu ini na bandama vimevimba, macho ya manjano, na weupe wa kupungukiwa damu.

Dalili inayowapotosha wengi ni mtoto kuacha kusogeza mkono au mguu mmoja na kulia ukimgusa hapo. Nyumbani husemwa amepooza, au ameteguka alipobebwa vibaya. Kumbe mfupa umeshambuliwa na anaogopa maumivu. Tafadhali asikandwe, apelekwe hospitali.

Na asipotibiwa?

Baada ya miaka 2 huanza kuonekana madhara ya kudumu: meno ya mbele ya ukubwani yenye pengo ukingoni, macho mekundu yanayoumizwa na mwanga, pua iliyobonyea, uziwi. Penisilini huua vimelea, lakini hainyooshi mfupa uliokwisha kupinda.

Nilipimwa mwanzoni mwa mimba, nikaambiwa sina.

Kipimo hicho kilieleza hali ya siku ile. Mwanamke anaweza kuambukizwa akiwa na mimba ya miezi sita, na maambukizi mapya ndiyo hatari zaidi kwa mtoto. Ndiyo maana ni muhimu kupimwa tena miezi ya mwisho au wakati wa kujifungua. Angalia kadi yako ya kliniki. Kama kipimo ni kimoja tu, sema.

Mimi nilichomwa sindano. Mtoto yuko salama?

Inategemea. Inayohesabika ni penisilini ya benzathini, kwa dozi sahihi, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kama ulipewa erithromaisini kwa sababu ya mzio, dawa hiyo haimfikii mtoto vya kutosha, hivyo ahesabiwe hajatibiwa. Na kama baba hakutibiwa, huenda ulipona ukaambukizwa upya. Akina baba, kwa hili nawaomba sana: ongozaneni na wake zenu kliniki.

Kipimo cha haraka cha mtoto kimeonyesha kaswende. Ndiyo anaumwa?

Si lazima. Kinga za mama hupita kwenye kondo la nyuma na huweza kukaa kwenye damu ya mtoto zaidi ya mwaka. Daktari hulinganisha kiwango cha mtoto na cha mama, humkagua mwili na hutazama matibabu ya mama. Akiamua kutibu, huwa ni penisilini, mara nyingi kwa siku 10. Msiikatishe siku ya nne kwa kuwa mafua yamekauka.

Mboni yake moja ni nyeupe. Nayo ni kaswende?

Huenda ni rubela, ugonjwa wa virusi ambao ukimpata mtoto akiwa tumboni huleta mtoto wa jicho, uziwi na kasoro za moyo. Weupe kwenye mboni una sababu nyingine pia, hata saratani ya jicho. Aonwe wiki hii hii.

Naweza kumnyonyesha?

Nyonyesha. Kaswende haipiti kwenye maziwa. Ila kama una kidonda kwenye titi, pumzisha titi hilo, kamua na umwage maziwa yake, mpe la pili wakati unatibiwa.