Na haya maji ya nyuma yavutwa ni nani?

Nilikaa barazani karibu na gati hapa Lamu na mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, nikamwonyesha kwenye simu video yangu ya dakika 2 kuhusu bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Mchoro ulikuwa ule wa siku zote: dunia katikati, maji yamevimba pande mbili, mwezi pembeni. Sauti yangu ikasema, "Mwezi unavuta maji." Mzee aliirudisha mara mbili, kisha akaweka kidole upande ulioupa mwezi mgongo.

"Mwanangu, na haya ya nyuma yavutwa ni nani?"

Kuandika na kuhariri video za sayansi ndiyo kazi yangu, na kosa lile nililipitisha mwenyewe. Mchoro ulionyesha pande mbili, maneno yakaeleza mmoja. Mzee aliushika mchoro kwa sababu anajua maji hujaa mara mbili kwa siku. Mwezi wa maneno yangu ungeyajaza mara moja tu.

Nilikibakiza kitenzi "kuvuta", nikakipa viwango. Mwezi huvuta maji ya upande wake kuliko unavyovuta kiini cha dunia, na kiini hicho huvutwa kuliko maji ya upande wa mbali. Hayo ya mbali ndiyo yanayoachwa nyuma, yakavimba. Nikachora mishale mitatu, mrefu, wa kati na mfupi, nikarekodi upya: "Huku unavuta sana, hapa katikati kiasi, kule kidogo." Kila neno hutoka pamoja na mshale wake. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba watu huelewa zaidi maneno na picha vikija kwa wakati mmoja.

(Jua nililipitia upesi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua hukaa nao mstari mmoja, ndipo bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Hayo wavuvi wanayajua.)

Kiswahili kina msaada hapa, nao hupotea skripti inapotafsiriwa kutoka Kiingereza na kila kitu kikaitwa "hii". Ukisema "haya", jicho limeshatafuta maji. Ukisema "huu", limeshaenda kwenye mwezi, hata mshale haujatokea. Nami nilikuwa nimesema "mwezi huu", nikausogeza karibu zaidi ya mchoro ulivyokwisha kuusogeza. Sasa nasema "mwezi ule".

Umbali ulinisumbua zaidi. Dunia ikiwa chungwa la sentimita 6, mwezi ni kama kunazi, lile tunda dogo la mviringo, na kunazi hilo linapaswa kukaa karibu mita 1.8 kutoka kwenye chungwa. Skrini ya simu haina nafasi hiyo. Zamani niliandika chini kwa herufi ndogo "umbali si halisi", na sijakutana na mtazamaji aliyeyasoma. Kwa hiyo niliweka chungwa na kunazi kwenye baraza ileile, kamera ikatoka kwa moja hadi jingine polepole, sekunde 7, nami sikusema neno.