Utando kwenye kiwanda cha ethanoli: unahitajika wapi, na wapi hauhitajiki

Molasi, yaani uji mzito unaobaki baada ya kutengeneza sukari, ikishachachushwa kwa hamira, kinachobaki kwenye tangi bado si mafuta. Ni maji mengi yenye ethanoli ya asilimia 8 hadi 12 hivi, kwa kuwa hamira yenyewe hudhoofika kileo kinapozidi. Mtambo wa kukeneka huchemsha maji hayo na kuipandisha ethanoli mpaka asilimia 95.6 kwa uzito, kisha hugota. Fundi hana kosa. Katika kiwango hicho mvuke unaopanda una uwiano uleule wa maji na ethanoli kama kimiminika kilicho chini, kwa hiyo hata ukikeneka usiku kucha hakuna kitakachotengana.

Kwa spiriti ya vinywaji, ambayo viwanda vya Kilombero na Muhoroni huizalisha kutokana na molasi, usafi wa karibu na hapo unatosha. Petroli ni habari nyingine. Ethanoli ya kuchanganywa nayo inapaswa kukaribia asilimia 99.5, la sivyo maji huivuta ethanoli chini ya tangi na petroli hubaki juu peke yake. Zamani maji hayo ya mwisho yaliondolewa kwa kuongeza benzini, kemikali inayosababisha saratani. Leo viwanda vingi hutumia punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, zinazonasa maji, nazo hulazimika kukaushwa tena kila zinaposhiba.

Utando, yaani ngozi nyembamba inayopitisha kitu kimoja na kuzuia kingine, hufanya kazi hiyo bila kusimama. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria kifumbu cha kukamulia tui, na kwa tando za zeolaiti hawajakosea sana, maana vitundu vyake hupitisha molekuli ya maji na kuizuia ya ethanoli iliyo kubwa zaidi. Lakini utando wa polivinili alkoholi, aina ya plastiki, hauna vitundu vya namna hiyo. Unapenda maji. Molekuli za maji huyeyuka ndani yake, hupenya hadi upande wa pili ambako pampu imefyonza hewa, na kutoka zikiwa mvuke. Uzuri wake ni kwamba kinachogeuzwa mvuke ni yale maji machache tu, badala ya kuichemsha tena ethanoli yote. Wala si jambo geni: mwaka 1988 kiwanda cha Bétheniville, Ufaransa, kilifungiwa mtambo wa aina hii wenye uwezo wa kukausha lita 150,000 za ethanoli kwa siku.

Kwenye makapi ya miwa, mabua na pumba kazi ni ngumu zaidi. Sukari imefungwa ndani ya selulosi, nyuzi za mmea, na kuzungukwa na lignini inayoupa mmea ugumu, na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vya kuifungua ni ghali. Utando wa kuchuja huzuia vimeng'enya, ambavyo ni protini kubwa, na kuachia sukari ipite, hivyo vimeng'enya vilevile hutumika tena. Kwa maoni yangu faida kubwa iko hapa, na maumivu makubwa pia yako hapa: tope na lignini huziba utando, usafishaji kwa kemikali huupunguzia umri, na gharama ya kuubadilisha mara nyingi haionekani kwenye makadirio ya mradi. Tena makapi si takataka ya bure kama inavyosemwa. Viwanda vya sukari huyachoma kwenye boila kupata mvuke na umeme.

Kabla ya bei ya utando, basi, kuna swali la matumizi. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na ethanoli ni mojawapo ya nishati hizo. Jiko la ethanoli halidai ukavu wa asilimia 99.5. Hata magari ya Brazili yanayotumia ethanoli peke yake hujazwa ile yenye maji kidogo, iliyotoka moja kwa moja kwenye ukenekaji. Mwekezaji anayelenga majiko hana sababu ya kununua utando wa kukaushia. Fedha hiyo ni bora aielekeze kwenye kusafisha majitaka ya kiwanda, ambayo hufikia lita 10 hadi 15 kwa kila lita moja ya ethanoli.