Kuku wa rika zote, mfuko mmoja wa chakula cha kilimo hai: yasemwayo na yalivyo

Sina ugomvi na chakula cha kilimo hai. Mahindi na alizeti vilivyolimwa bila mbolea ya viwandani wala viuatilifu ni vitu vizuri, na mfugaji wa uani anayeamua kugharamia anafanya uamuzi wa maana. Ugomvi wangu unaanza baada ya mfuko kulipiwa. Nyumbani kuna mitetea wanne wanaotaga, jogoo, mapora (majogoo wachanga) wawili, tembe (mitetea ambao hawajaanza kutaga) watatu wa miezi mitatu, na koo aliyetoka kuangua. Mfuko ni mmoja, chombo cha kulia kimoja, na mfuko wenyewe ni wa leyazi, yaani chakula cha kuku wanaotaga, kwa kuwa mwenye kuku anataka mayai. Nikiuliza vifaranga wanakula nini, jibu nimelisikia hadi naweza kulitamka kabla yake.

"Daktari, hiki ni cha asilia, hakiwezi kumdhuru kifaranga."

Kinaweza, na kinamdhuru. Namna mahindi yalivyolimwa haibadilishi kiasi cha chokaa, inayobeba kalsiamu, kilichomo ndani ya mfuko. Chakula cha kuku wanaotaga huwekwa kalsiamu ya gramu 35 hadi 40 kwa kila kilo. Cha kukuzia kina gramu 10 hivi. Kuna sababu: ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalsiamu, na mtetea asipoipata kwenye chakula ataitoa kwenye mifupa yake. Kifaranga hatagi. Tembe wa wiki kumi na mbili hatagi. Jogoo, nadhani hapa tunakubaliana, hatagi. Kalsiamu wasiyoihitaji inapita kwenye figo zao, na figo za kuku anayekua haziuwezi mzigo huo kila siku kwa wiki kadhaa.

Nikimpasua kuku wa namna hii nakuta figo zimevimba na kupauka, mirija ya mkojo imeziba kwa vitu vigumu vyeupe, na juu ya moyo na ini kuna utando mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Ni asidi ya mkojo iliyokosa pa kutokea. Mwenye kuku aliyesimama pembeni ameshaamua kwamba ni kideri (ugonjwa wa Newcastle), au ni jirani. Linalonikera zaidi ni kwamba si wote wanaokufa wakiwa wadogo. Tembe anaweza kukua na figo zilizoharibika, akapendeza, akaanza kutaga, kisha akaanguka wakati wa mayai mengi. Hapo hakuna anayekumbuka alilishwa nini akiwa na wiki sita, na figo iliyokufa haina dawa, ya asilia wala ya dukani.

Sasa sikilizeni ushauri ninaoutoa kwa kila mwenye kundi mchanganyiko, hata asiyeniomba. Acheni leyazi. Nunueni growa (chakula cha kukuzia) ya kilimo hai yenye protini asilimia 16 hadi 18, iwe chakula cha wote waliovuka wiki nane. Kalsiamu ya wanaotaga ikae kwenye chombo chake, pembeni: makombe ya baharini yaliyopondwa, au chokaa ya mifugo ya chengachenga. Mtetea anayetaga ana hamu ya kalsiamu na ataifuata mwenyewe, hasa jioni, kwa sababu ganda hutengenezwa zaidi usiku. Tembe na jogoo watadonoa kidogo na kuondoka. Nasisitiza chenga, si unga. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati unga hupita haraka, na ukichanganywa kwenye chakula huzama chini ya chombo, kwa hiyo kuku wa mwisho kula ndiye anayekula chokaa tupu. Maganda ya mayai yanafaa pia. Yakausheni na kuyaponda hadi yasifanane tena na yai, vinginevyo mtawafundisha kula mayai yao.

Vifaranga wanahitaji starta, chakula cha kuanzia, chenye protini asilimia 18 hadi 20, na wakubwa wataimaliza mkiwaruhusu. Tengenezeni kizimba cha fito zenye nafasi ya kupita kifaranga tu, chombo cha starta kikae ndani, koo abaki nje akipiga kelele. Kazi hiyo ni ya saa moja. Ikishindikana kabisa kuwatenga, basi wote wale starta na makombe yawe pembeni. Mkubwa akila chakula cha mdogo, mnapoteza hela. Mdogo akila cha mkubwa, mnampoteza yeye.

Na kuna jambo moja kuhusu hiyo starta. Ya kawaida mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha damu. Ya kilimo hai haina. Wakubwa ndio wanaomwaga mayai ya vimelea hivyo kwenye kinyesi bila wenyewe kuonekana wagonjwa, na kifaranga anayeparua kwenye matandiko yaleyale ndiye anayehara damu. Aliyechagua kilimo hai amechagua pia kubadilisha maranda yaliyolowa na kuzuia maji yasimwagike. Vimelea hivyo vinahitaji unyevu ili viweze kuambukiza.

"Soya mbichi ni ya asili zaidi kuliko iliyokaangwa."

Ni ya asili, ndiyo. Vilevile ina kizuizi kinachozuia kimeng'enya cha kongosho kumeng'enya protini, hivyo kuku anakula soya ya bei kubwa na kudumaa. Kaangeni au chemsheni. Protini hujengwa kwa viungo vidogo, vikiwemo methionini na lisini: mashudu ya alizeti yana methionini nzuri lakini hayana lisini ya kutosha, soya ni kinyume chake, ndiyo maana vinakwenda pamoja. Kwenye chakula cha kilimo hai uwiano huu ni muhimu zaidi, kwa kuwa methionini ya kiwandani ama imekatazwa ama imewekewa kikomo. Dagaa husaidia, mradi wawe dagaa, si mchanga wenye harufu ya dagaa, na wasiwe wa chumvi.

"Pumba, mchicha na kujitafutia vinatosha, hiyo ndiyo kilimo hai."

Hayo ni maisha ya kuku wa kijijini, na mayai yake kwa mwaka mnajua ni machache. Kilimo hai kina kanuni na ukaguzi. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu tangu 2007, na bidhaa iliyothibitishwa hubeba alama ya Kilimohai. Mfuko ulioandikwa "asilia" kwa kalamu ya wino mzito mmeuziwa maelezo ya muuzaji tu. Muulizeni mahindi yalitoka kwa nani.

"Kiini cha njano iliyokolea ndiyo ushahidi."

Ushahidi wa mahindi ya njano, majani mabichi au lusina (mti wa malisho). Kuku anayekula mahindi meupe ya kilimo hai hutaga kiini kilichopauka, na yai halina kosa.

"Chakula cha kawaida kina homoni."

Hakina. Broila anakua haraka kwa sababu ya mbegu aliyochaguliwa kwa miongo mingi. Homoni ya ukuaji ni protini, ikiliwa inameng'enywa kama protini nyingine. Kama mnatafuta sababu ya kuchagua kilimo hai, zipo bora kuliko hii.

"Mahindi yenye ukungu kidogo, kuku hawajali."

Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka. Sumu hiyohiyo huharibu ini la kuku na kudhoofisha kinga yake, na kifaranga huathirika kuliko mkubwa. Kuvu haichagui shamba. Mahindi ya kilimo hai yaliyoanikwa chini au kuhifadhiwa mabichi yataota ukungu sawa na mengine. Kupepeta na kuosha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje. Chakula kilichosagwa nunueni cha wiki tatu au nne, kikae juu ya chaga, mbali na ukuta, na andikeni tarehe ya kusagwa kwenye mfuko.

"Shubiri na pilipili kichaa kwenye maji, chanjo ya nini?"

Kilimo hai hakikatazi chanjo. Kideri hakisimamishwi na shubiri, wala na mwarobaini, wala na chakula cha bei yoyote. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inatengenezwa hapahapa Kibaha. Kwa kuwa vifaranga huanguliwa kila wakati kwenye banda la rika zote, kila mzunguko wa chanjo ukifika shikeni kuku wote, wakiwemo wale walioanguliwa baada ya mzunguko uliopita.